Shilingi 300 za kutwa nzima

Mtaa wa Biashara, Nairobi, hujaa magari kabla maduka yake hayajafunguliwa. Saa mbili kasorobo asubuhi milango ya mabati bado imeshushwa, walinzi wa usiku ndio kwanza wanakunja makoti yao, na tayari kila nafasi iliyochorwa mistari ina gari. Wenye magari hayo hawakuja kununua kitu hapa. Wamepanda ghorofani, au wametembea hadi ofisi zao upande wa Loita Street na Kenyatta Avenue, na hawataonekana tena mpaka saa kumi na moja jioni. Sisi wa madukani tukifungua saa tatu, barabara iliyo mbele yetu imeshauzwa hadi magharibi.

Nimeuza vitambaa na sare za shule katika mtaa huu kwa miaka mingi. Enzi za ukoloni uliitwa Indian Bazaar, na tangu wakati huo kazi yake haijabadilika sana: mtu anakuja, anapapasa kitambaa, anabishana bei, analipa, anaenda zake. Ni ununuzi wa dakika ishirini, labda arubaini ikiwa ni Januari na mama ana watoto watatu na orodha ya shule mkononi. Huyo mama ndiye aliyenifanya niandike. Ametoka Rongai au Kikuyu na gari dogo la familia. Anapita Muindi Mbingu, hakuna nafasi. Anajaribu Biashara, anajaribu Banda, anarudi tena Muindi Mbingu. Akibahatika kupata pa kusimama, analipa ada ileile anayolipa yule aliyelaza gari lake tangu alfajiri.

Hapo ndipo penye tatizo lote, na nitalieleza kwa hesabu. Ada ya kuegesha gari barabarani katikati mwa jiji ni shilingi 300 kwa siku. Haihesabiwi kwa saa. Anayekaa saa kumi amelipa shilingi 30 kwa kila saa. Anayekaa robo saa amelipa 300 kwa robo saa, yaani kama angetozwa kwa kiwango hicho saa nzima ingemgharimu 1,200. Kwa kila saa, mtu anayetumia barabara kidogo analipa mara arubaini ya kiasi anacholipa yule anayeitumia sana. Sijui biashara nyingine yoyote katika mji huu ambayo bei yake imepangwa hivyo, na bado tumeizoea hata hatuioni.

Kwa msomaji ambaye haendeshi gari Nairobi, mambo huenda hivi. Unaegesha ndani ya mistari. Unatoa simu, unapiga *647# au unaingia kwenye mtandao wa kaunti, unachagua maegesho, unachagua eneo, unaandika nambari ya gari. Ombi la malipo linakuja kwenye simu yako, unaweka nambari ya siri ya M-Pesa, na ujumbe wa kuthibitisha unarudi. Hakuna karatasi ya kubandika kwenye kioo. Mhudumu wa kaunti anapita na kifaa chake, anaandika nambari ya gari lako, na mfumo unamwambia kama umelipa. Kama hujalipa, ni faini; kwa miaka mingi gurudumu lilifungwa klampu ya chuma, ukasubiri aliyeshika ufunguo. Ukikaidi zaidi, gari lilivutwa. Kuna pia tiketi za msimu kwa wanaokuja kila siku, matatu zina utaratibu wao wa kulipa kwa mwezi kulingana na idadi ya viti, na kuna nafasi zilizokodishwa kwa mahoteli, mabenki na ofisi, zenye kibao cha kuonya mtu mwingine asithubutu kusimama.

Kwa upande wa kukusanya pesa, mfumo huu ni mzuri kuliko ule wa zamani. Nakumbuka siku za vitabu vya risiti na noti zilizokunjwa viganjani, ambapo hakuna aliyeweza kusema ni kiasi gani kilifika City Hall, makao makuu ya kaunti, na ni kiasi gani kiliishia njiani. Kaunti ilipoanza kuhamia malipo ya kielektroniki mwaka 2014, mwanya mkubwa ulizibwa. Ninawapa haki yao wahudumu pia: wanasimama juani na mvuani kutwa, wanatukanwa na watu waliovaa suti, na mji ungesimama kabisa kama wasingekuwepo.

Lakini kukusanya pesa ni nusu tu ya kazi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaikabidhi kaunti barabara zake, taa za barabarani, usafiri wa umma, na humo humo usimamizi wa trafiki na maegesho. Maegesho yamewekwa pamoja na trafiki, kwa sababu gari lililosimama na gari linalotembea vinagombania ardhi moja. Kaunti yetu imeyatoa maegesho upande wa trafiki na kuyaweka upande wa mapato, karibu na kodi za ardhi na leseni za biashara. Ukiyaona maegesho kama mapato, swali lako la pekee ni kiasi. Ndiyo maana tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 mabishano yote yamekuwa juu ya kiasi. Wakati wa Gavana Evans Kidero ada ilipanda kutoka 140 hadi 300, mji ukachemka. Baadaye ikashuka hadi 200. Ikatajwa 400, watu wakaenda mahakamani. Kwa Sheria ya Fedha ya kaunti ya 2023 ikarudi 300. Miaka yote hiyo nimesikiliza redio, nimesoma magazeti, nimesikia wawakilishi wadi wakipaza sauti, na karibu kila mtu alizungumzia shilingi. Nilisubiri mtu azungumzie saa.

Inafaa tukumbuke kwamba ada ya maegesho ilizaliwa kwa ajili ya saa. Mita ya kwanza ya maegesho duniani iliwekwa Oklahoma City, Marekani, tarehe 16 Julai 1935. Aliyeisukuma ni Carl Magee, mhariri wa gazeti, aliyekuwa na jukumu la kutafutia ufumbuzi msongamano wa katikati mwa mji kwa niaba ya wafanyabiashara. Malalamiko aliyoyakuta ningeweza kuyaandika mimi leo: wafanyakazi wa maofisini wanawahi asubuhi, wanaegesha mbele ya maduka, wanakaa hadi jioni, na wateja wanazunguka mpaka wanakata tamaa. Dawa yake ilikuwa kisanduku chenye saa ndani. Unatumbukiza senti tano, unapewa saa moja. Pesa ilikuwa ndogo. Nguvu ya kile kisanduku ilikuwa katika mshale uliokuwa ukirudi nyuma taratibu mbele ya macho ya kila mtu. Anayetaka kukaa kutwa angelazimika kushuka kila baada ya saa, na wengi wakaona heri waegeshe mbali kidogo watembee. Wenye maduka walifurahi, na katika miaka michache mita zikaenea miji mingi. London ilizipata mwaka 1958.

Nairobi nayo ilikuwa na mita zake, na kuhusu hilo nataka kukaa kidogo, kwa sababu tumewasahau waliozihudumia. Katika miaka ya 1970 kulikuwa na watoto wa mitaani walioitwa parking boys. Walikuwa wakimwona dereva anazunguka, wanamkimbilia, wanamwonyesha nafasi, wanamwelekeza akirudi kinyumenyume, halafu wanalilinda gari na kutia sarafu kwenye mita muda ukikaribia kuisha. Walilala nje na kula walichopewa. Padri mmoja Mholanzi wa shirika la Kikatoliki la White Fathers, Arnold Grol, aliwafuata huko huko barabarani, na mwaka 1973 akaanzisha Undugu Society ili wapate shule, ufundi na mahali pa kulala. Historia ya watoto wa mitaani wa Nairobi, na ya wale waliojitolea kuwasaidia, imeandikwa kwa sehemu kubwa kando ya magari yaliyoegeshwa.

Mita zilitoweka, lakini kazi ya wale vijana haikutoweka. Leo kila mtaa wa katikati una vijana wake, wengi wao sasa ni wanaume wazima wenye familia Mathare au Kayole. Mbele ya duka letu yupo mmoja ambaye amekuwa pale tangu nikiwa mgeni kazini. Hana sare wala kitambulisho cha kaunti. Anaosha magari, analinda vioo vya pembeni visinyofolewe, na ana ramani ya mtaa kichwani ambayo hakuna kompyuta ya City Hall iliyo nayo. Mteja wangu akisimama katikati ya barabara na taa zinawaka, yeye humwambia papo hapo: "Mathe, hii Fielder haitoki mpaka saa kumi na moja, lakini yule wa Probox anashusha mzigo, ngoja dakika tano hapo mbele." Na kweli, baada ya dakika tano Probox inatoka. Yeye anajua nani ni wa kutwa, nani ni wa chai, nani ni wa kushusha mzigo, nani anakuja Ijumaa tu kwa ajili ya swala.

Kuhusu Ijumaa, njoo ujionee mwenyewe. Msikiti wa Jamia uko hatua chache kutoka kwetu. Adhuhuri ya Ijumaa waumini wanafika kutoka pande zote, wanahitaji saa moja, pengine na nusu, halafu wanarudi makazini. Kama nafasi za Banda Street zingekuwa za saa moja moja, wengi wangepata pa kuacha gari. Kwa kuwa zimeshikwa tangu asubuhi, magari yanapangwa safu ya pili, yanafunga njia, matatu zinapiga honi, na mwenye mkokoteni wa mzigo anasimama katikati ya yote akifuta jasho. Maktaba ya McMillan iko hapo hapo jirani, na kwa saa nzima wanafunzi waliomo ndani husomea katika kelele hizo.

Msongamano huu wa wanaotafuta nafasi umepimwa kwingine. Marehemu Donald Shoup, profesa wa mipango miji katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichunguza eneo la biashara la Westwood lililo jirani na chuo chake, mitaa 15 tu. Kwa wastani dereva alizunguka dakika tatu na kidogo kabla ya kupata nafasi. Dakika tatu si kitu, utasema. Lakini ukijumlisha madereva wote kwa mwaka mmoja, magari yalitembea takriban kilomita milioni moja na nusu ndani ya mitaa hiyo 15 bila kwenda popote. Kanuni aliyoifundisha maisha yake yote ni rahisi kuikumbuka: bei sahihi ya kuegesha barabarani ni ile ya chini kabisa inayoacha nafasi moja au mbili wazi katika kila kipande cha mtaa. Mtaa ukiwa umejaa kabisa, bei iko chini mno kwa saa hizo. Ukiwa mtupu, bei iko juu mno, ishushwe.

San Francisco waliifanyia kazi kanuni hiyo kuanzia mwaka 2011. Waliweka vitambuzi barabarani kuona nafasi zipi zimejaa na zipi ziko wazi, kisha wakawa wanapandisha au kushusha bei kidogo kidogo, mtaa kwa mtaa na kwa vipindi vya siku, wakilenga nafasi zijae kati ya asilimia 60 na 80. Watu walitarajia bei zipande kila mahali. Kilichotokea ni kwamba wastani wa bei kwa saa ulishuka kidogo, kwa sababu mitaa mingi ya pembeni ilikuwa inatozwa kuliko inavyostahili. Muda wa kutafuta nafasi ulipungua kwa asilimia 43 katika maeneo ya majaribio. Napenda mfano huu kwa sababu unavunja dhana yetu kwamba kurekebisha bei lazima kuwe kupandisha.

Hapa nyumbani hatuhitaji hata vitambuzi ili kuanza. Carl Magee alilazimika kutengenezewa saa ya chuma. Sisi tumekuwa na M-Pesa tangu 2007, na mfumo wa kaunti tayari unajua umelipa dakika gani na gari gani. Kuubadilisha uhesabu saa badala ya siku ni kazi ya programu. Dar es Salaam, jirani zetu, ushuru wa maegesho unahesabiwa kwa saa, na ukienda kwenye jengo lolote la maduka Nairobi lenye kizuizi mlangoni utalipa kwa saa bila kushangaa. Anayelipa kwa saa Westlands ndani ya jengo hana sababu ya kushindwa kulipa kwa saa barabarani Biashara.

Najua pingamizi litakalokuja, na halitoki kwa watu wabaya. Mfanyakazi wa ofisini anayeishi Kitengela atasema kwamba usafiri wa umma haumfai, analeta mtoto shule njiani, na akilipa kwa saa mshahara utaishia barabarani. Namhurumia, na sitaki afukuzwe mjini. Ninachosema ni kwamba nafasi iliyo mbele kabisa ya mlango wa duka isiwe ndiyo rahisi zaidi kwa mtu wa kutwa. Kuna viwanja vya kuegesha vya kaunti na vya watu binafsi ambako gari linaweza kulala hadi jioni bila kumzuia mtu. Viwanja hivyo viwekewe bei ya kutwa iliyo nafuu, barabara iwe ya saa. Sasa hivi tumegeuza: barabara ndiyo nafuu kwa siku nzima, na matokeo yake kila mtu anaikimbilia kwanza.

Tukumbuke pia kwamba wakazi wengi wa Nairobi huingia mjini kwa matatu au kwa miguu. Wao hawana gari la kuegesha, lakini wanalipia maegesho haya kila siku kwa muda, matatu inapokwama nyuma ya gari lililosimama safu ya pili, na kwa usalama wao, wanaposhuka kwenye lami kwa sababu bampa imekalia njia ya miguu. Barabara kama Luthuli Avenue ilipofanyiwa ukarabati mwaka 2019 na kupewa njia pana za miguu, wengi walilia kwamba nafasi za magari zimeliwa. Nilipita huko wiki hizo nikaona watu wanatembea bila kusukumana, maduka ya simu na redio yamejaa kama kawaida, na nikatamani mtaa wetu uwe wa pili.

Kuna jambo lingine Waamerika walilifanya ambalo ningeliiga bila kuchelewa. Mwaka 1993 mji wa Pasadena uliweka mita katika mtaa wake mkongwe uliochakaa, na wenye maduka waliokuwa wanazipinga walikubali baada ya kuahidiwa kwamba pesa zitabaki hapo hapo: kukarabati njia za miguu, taa, usafi. Ahadi ilitimizwa na mtaa ukafufuka. Biashara Street tunachangia ada ya maegesho kila siku inayopambazuka, na mvua ya Aprili ikinyesha maji yanaingia dukani kwa sababu mtaro umeziba. Dereva akiona mtaro umezibuliwa kwa shilingi zake, atalipa kwa moyo mweupe. Sasa hivi akilipa, anachokiona ni ujumbe kwenye simu.

Na pesa zitakuwepo. Chukua nafasi moja tu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Leo inaleta 300, basi. Itoze shilingi 100 kwa saa, ikae tupu theluthi moja ya wakati, bado inaleta zaidi ya 600, na badala ya gari moja imehudumia watano, sita, saba. Mama wa Januari amelipa 100 badala ya 300. Kaunti imepata mara mbili. Nimewauzia watu watano ambao wangerudi nyumbani wamenuna.

Kila mwaka kabla ya Sheria ya Fedha kupitishwa, kaunti inalazimika kuwaita wananchi watoe maoni, na kwa kawaida chumba hujaa wanaolalamikia kiwango. Safari hii tumekubaliana, wenye maduka kadhaa wa mtaa huu, kupeleka maombi ya maandishi kuhusu saa. Tumeomba jaribio katika mitaa mitatu, Biashara, Banda na Kimathi: shilingi 50 kwa nusu saa ya kwanza, 100 kwa kila saa, muda usizidi saa mbili, kisha gari liondoke. Tumeomba nafasi za walemavu zilizo karibu na milango ziheshimiwe na zisilipiwe. Tumeomba nafasi mbili katika kila kipande cha mtaa ziwe za kushusha mizigo hadi saa nne asubuhi. Tumeomba vijana wanaojua mtaa wapewe kwanza nafasi za uhudumu wa maegesho, na yule wa mbele ya duka letu tumemwandika jina. Tumeomba mapato ya kila mtaa yatangazwe kila mwezi kwenye ubao, na sehemu yake ianze na mitaro. Jaribio lianze wiki ya kwanza ya Januari, wakati wa sare, kwa sababu likifaulu wiki hiyo litafaulu wiki yoyote.